Jinsi ya kusoma alama za imani kwenye hadithi za Biblia bila kuzigeuza hirizi

Wapendwa, watu wengi tukisoma Biblia tukikutana na kitu cha kushikika, jiwe, mafuta, kamba nyekundu, fimbo, nyoka wa shaba, tunafanya moja kati ya mambo mawili. Wengine wanapita mbio wawahi maneno ya kiroho, yaani kile kitu wanakiona ni pambo tu la hadithi. Wengine wanaking'ang'ania kitu chenyewe, mpaka wanaanza kuulizia kinauzwa wapi na ni shilingi ngapi. Wote wawili wanakosa uhondo. Mimi nafundisha sanday skul na pia tuna ibada ya nyumba kwa nyumba mtaani kwetu, na swali la "hii ina maana gani kwetu sisi leo" ndo linalojirudia kuliko yote, kwa hiyo nimeona niandike njia ninayoitumia, hatua moja baada ya nyingine, na mtu yeyote mwenye Biblia na daftari anaweza akaifuata hata kama hajapita chuo cha Biblia.

Jambo la kushika kabla hujafungua ukurasa ni hili: alama kwenye Biblia iliwekwa ili mtu aulize, alafu asimuliwe Mungu alifanya nini. Ukikitenga kitu na habari yake kinakuwa hirizi, hata kama mwanzo kilitoka kwa Mungu mwenyewe. Sijalitunga mimi hilo, Biblia inalionyesha waziwazi na tutafika huko.

Vifaa havihitaji gharama. Tafuta Union Version, ile ya 1952 ambayo wengi tumekua nayo, na pembeni uwe na tafsiri ya lugha nyepesi kama Habari Njema, maana vijana wengi wa sasa ukiwasomea "miimo" na "kizingiti" na "hisopo" wanabaki wanakutazama tu. Kama una itifaki, kile kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yake, ni vizuri sana, kama huna basi programu ya Biblia kwenye simu ina sehemu ya kutafuta neno, andika "mafuta" au "jiwe" na itakuletea mistari yote. Na daftari, kwa sababu usipoandika utasahau, alafu wiki ijayo unaanza upya.

HATUA YA KWANZA: iache hadithi ijieleze yenyewe kabla wewe hujaieleza

Mara nyingi maelezo yapo palepale ila tuna haraka. Chukua upinde wa mvua, Mwanzo 9 kuanzia mstari wa 12 mpaka 17. Karibu kila mtu anajua kwamba upinde ni ahadi. Lakini soma polepole uone nani anayetakiwa kuutazama. Mungu anasema upinde utakuwa winguni naye atauona, alikumbuke agano la milele. Yaani anayekumbuka pale ni Mungu. Nuhu hakupewa kazi yoyote, hakuambiwa auguse wala auombee wala auchore mlangoni. Na agano lenyewe sio la Nuhu na wanawe tu, limewekwa na kila kilicho hai, ndege, ng'ombe, wanyama wote waliotoka safinani.

Kingine angalia ahadi inasema nini hasa, maana hapa watu huumizana bila kujua. Haisemi mafuriko hayatatokea tena. Inasema maji hayatakuwa gharika ya kuharibu wote wenye mwili. Mtu wa Rufiji au wa Mathare aliyesombewa nyumba na maji mwaka 2024 ukimwambia "Mungu aliahidi hakutakuwa na mafuriko" unakuwa umemfanya Mungu muongo mbele ya mtu aliyefiwa. Ukimsomea ilivyoandikwa, kwamba Mungu amejifunga kwa neno lake asiifute dunia na kila kinachopumua, hapo umempa kitu ambacho hata kwenye matope anaweza akakisimamia, ingawa machozi yatabaki, na unapaswa kuyaacha yabaki.

Mfano mwingine wa haraka: Ufunuo 1:20. Watu wanaogopa kitabu cha Ufunuo kwa ajili ya alama zake, lakini pale Yesu mwenyewe anafungua, zile nyota saba ni malaika wa makanisa saba na vile vinara saba ni makanisa saba. Imeisha hiyo. Ukikuta mtu amekutumia klipu kwenye grupu la Wasap akisema vinara saba ni mataifa fulani ya siku hizi, mrudishe kwenye mstari wa 20.

Kwa hiyo kwenye daftari andika kitu chenyewe, andika mstari unaokieleza, alafu andika kwa maneno yako mwenyewe, sentensi moja, hadithi inasema ni cha nini. Kama hadithi haijaeleza, andika hivohivo "haijaelezwa hapa" na usijaze nafasi kwa kubuni. Hiyo nafasi tupu ina faida, utaona mbele kwenye habari ya Rahabu.

HATUA YA PILI: angalia miguu na mikono ya watu

Yaani waliambiwa wafanye nini na kile kitu. Imani kwenye hizi hadithi huwa inaonekana kwenye mwendo. Pasaka ya kwanza, Kutoka 12, sisi tumezoea kuimba damu, damu, na ni sawa kabisa, lakini fuatilia kazi iliyofanyika. Siku ya 10 ya mwezi kila nyumba inachukua mwana-kondoo, dume wa mwaka mmoja asiye na kasoro, anakaa nao mpaka siku ya 14, yaani siku kadhaa watoto wanamuona pale nyumbani, wanamlisha, alafu jioni anachinjwa. Nyumba ikiwa ndogo wanaungana na jirani. Wanachovya kitawi cha hisopo, mmea mdogo wa kichaka, kwenye damu iliyo bakulini, wanapaka miimo miwili ya mlango, yaani nguzo zake za pembeni, na kizingiti cha juu, alafu hakuna mtu kutoka nje mpaka asubuhi. Na chakula wanakila wamevaa viatu, viuno vimefungwa, fimbo mkononi, haraka haraka. Kula umevaa viatu na fimbo mkononi maana yake umeshaamini safari ipo, ingawa Farao bado hajaruhusu.

Sasa damu ilikuwa ishara, mstari wa 13 unasema hivo. Lakini mtu angepaka damu alafu akatoka nje kwenda kutembea usiku ule, ishara ingebaki mlangoni na yeye yuko barabarani. Ishara na kutii vilikwenda pamoja. Hili ukilielewa hapa utalielewa kila mahali.

Na kuna mstari huu nataka uupigie mstari kwa kalamu nyekundu, Kutoka 12:26. Watoto wenu watakapowauliza, utumishi huu maana yake ni nini? Sasa funua mpaka Yoshua 4:6 na tena 4:21, mawe haya maana yake ni nini? Ni swali lilelile, watoto walewale! Mungu anaagiza alama huku akijua mtoto atakuja kuuliza, na mzazi anapewa kabisa jibu la kusema, na jibu lenyewe ni habari ya kilichotokea, Bwana alipita juu ya nyumba zetu kule Misri akaziokoa, maji ya Yordani yalitindika tukavuka pakavu. Mimi kila nikisoma hapa naguswa sana, kwa sababu imani ya kizazi kizima imewekwa kwenye swali la mtoto anayepita njiani na baba yake.

Nikae kidogo kwenye mawe ya Yordani maana yana mambo. Yoshua 3:15 inakwambia mto ulikuwa umefurika, ni majira ya mavuno, kwa hiyo sio kwamba walivuka kwa bahati maji yakiwa machache. Makuhani waliobeba sanduku la agano wanakanyaga maji ndipo yanasimama, yaani mguu ulilowa kwanza. Baadaye wanatumwa wanaume 12, mmoja kila kabila, kila mmoja abebe jiwe begani. Begani! Hatuzungumzii kokoto za mfukoni. Waliyachukua palepale makuhani walipokuwa wamesimama katikati ya mto, wakaenda kuyasimamisha Gilgali. Kuna na mawe mengine 12 Yoshua aliyasimamisha mlemle mtoni, Yoshua 4:9, ambayo maji yalirudi yakayafunika, na wengi hatuyakumbuki kabisa haya ya pili. Sasa ukimuuliza mtoto "kwanini jiwe la kutoka katikati ya mto?" atakujibu mwenyewe bila kufundishwa, kwa sababu huwezi kulipata pale mpaka mto uwe umekauka. Jiwe lenyewe ni ushahidi wa njia.

HATUA YA TATU: kifuatilie hicho kitu mpaka mwisho wake

Hii ndo hatua inayorukwa kuliko zote na ndo yenye kuokoa watu. Usisome alama mahali ilipozaliwa tu, tafuta ilienda wapi. Na mfano wa kufundishia kuliko yote ni nyoka wa shaba, kwa sababu anaonekana mara tatu na kila mara ana jambo jipya.

Mara ya kwanza Hesabu 21:4-9. Watu wameizunguka nchi ya Edomu, wamechoka njia, wanalalamika kuhusu maji na mana, wanaiita chakula dhaifu. Nyoka wa moto wanaingia, wengi wanakufa. Wanamfuata Musa wanaomba nyoka waondolewe. Soma vizuri jibu la Mungu: hakusema nitawaondoa. Alisema tengeneza nyoka wa shaba, weka juu ya mti, na kila aliyeumwa akimtazama ataishi. Yaani watu waliendelea kuumwa na nyoka, ila sasa walikuwa na pa kutazama. Wewe uliyeomba tatizo liondoke na bado lipo, hapo pana neno lako. Alafu tazama jinsi ilivyo rahisi na ilivyo ngumu kwa pamoja, mtu ana sumu mwilini, ndugu zake wanataka kufunga mguu kwa kitambaa, kunyonya jeraha, kukimbia huku na kule, na anaambiwa inua macho utazame tu. Kutazama hakuna malipo, hata mtoto hata mzee asiyeweza kusimama anaweza. Lakini lazima ukubali umeumwa.

Mara ya pili 2 Wafalme 18:4, na imepita miaka mia kadhaa. Yule nyoka bado yupo! Ameshatoka jangwani, amefika Yuda, na watu wanamfukizia uvumba. Mfalme Hezekia anamvunja vipande vipande, anamwita Nehushtani. Sasa hebu fikiria ujasiri wa huyu mfalme. Kile kitu kilitengenezwa na Musa kwa amri ya Mungu, kiliponya watu kweli, historia ipo, hakuna mtu angeweza kusema ni cha uongo. Na bado kilivunjwa, na Biblia inamsifu Hezekia kwa hilo, inasema alifanya yaliyo sawa machoni pa Bwana. Kosa halikuwa kwenye shaba. Shaba ilikuwa ileile, watu ndo walibadilika, walianza kuiomba ile alama, wakamwacha aliyeiweka.

Mara ya tatu Yohana 3:14, usiku, Yesu anaongea na Nikodemo, anasema kama Musa alivyomwinua nyoka jangwani, vivyo hivyo Mwana wa Adamu hana budi kuinuliwa. Kwa hiyo ile shaba ilishavunjwa karne nyingi nyuma lakini habari yake bado inafanya kazi, tena inafanya kazi kubwa zaidi, mistari miwili tu kabla ya Yohana 3:16 ambayo kila mtu anaijua kwa kichwa. Kitu kilikufa, maana ikaishi. Mimi nikifundisha hatua hii huwa nawaandikia wanafunzi hizi tatu kwenye ubao kwa mstari mmoja, Hesabu, Wafalme, Yohana, na nawaacha wazitazame kimya kidogo.

(Kwa kuwa mtu ataniuliza: yule nyoka kwenye fimbo unayemuona kwenye nembo za hospitali, famasi na hata nembo ya Shirika la Afya Duniani hatokani na Musa, inatokana na fimbo ya Asklepio, mungu wa uponyaji wa Wagiriki wa kale. Zinafanana kwa macho lakini ni habari mbili tofauti, usizichanganye kwenye mahubiri.)

Ukishaizoea hatua hii utaanza kuona mambo. Sanduku la agano, 1 Samweli 4: Israeli wamepigwa na Wafilisti, wamekufa watu kama 4,000, na wazee wanasema twende tukalilete sanduku kutoka Shilo ili lije lituokoe. Wameliweka sanduku mahali pa Mungu. Kambi ilipiga kelele mpaka nchi ikavuma, Wafilisti wakaogopa kweli, na matokeo yake wakafa 30,000, sanduku likatekwa, wana wa kuhani Eli wote wawili wakafa siku hiyohiyo. Wakati Yordani sanduku hilohilo lilipita mbele na maji yakasimama. Tofauti iko wapi? Yordani walifuata neno waliloambiwa, kule vitani hakuna aliyemuuliza Mungu chochote.

HATUA YA NNE: je, iliamriwa iendelee au ilikuwa ya mara moja?

Hapa uwe mkali. Andika safu mbili kwenye daftari. Upande mmoja weka alama ambazo Biblia inasema mziendeleze: Pasaka kwa Israeli, na kwetu Wakristo ubatizo na meza ya Bwana, fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu, na Paulo anaongeza kwenye 1 Wakorintho 11:26 kwamba kila muulapo mkate na kukinywea kikombe mwaitangaza mauti ya Bwana hata ajapo. Ni alama yenye habari ndani yake, huwezi kuila bila kuitangaza.

Upande wa pili weka za mara moja. Ngozi ya kondoo ya Gideoni, ile aliyomwomba Mungu ailoweshe kwa umande huku ardhi ikiwa kavu, alafu kinyume chake, inaingia hapa, na najua nitagusa watu, maana "kuweka ngozi" imekuwa lugha ya kawaida kabisa, mtu anataka kuchumbia anasema Bwana kama ndiye huyu basi anipigie simu kabla ya saa kumi. Soma Waamuzi 6:36 uone Gideoni alivyosema, kama utaokoa Israeli kwa mkono wangu kama ulivyosema. Kama ulivyosema! Alishaambiwa tayari. Alishaona na moto ukitoka mwambani ukila nyama na mikate. Ngozi ilitokana na hofu yake, na yeye mwenyewe mara ya pili anasema hasira yako isiwake juu yangu. Mungu alimvumilia kwa upole mkubwa, umande ukajaa bakuli siku ya kwanza na ngozi ikawa kavu siku ya pili, na huo upole ndo wa kuufundisha. Hatuambiwi popote tuige. Na usiishie sura ya 6, nenda mpaka 8:27, Gideoni huyohuyo anachukua dhahabu ya herini, shekeli 1,700, anatengeneza efodi, vazi la kikuhani, anaiweka mjini kwake Ofra, na Israeli wote wanaifuata, ikawa tanzi kwake na kwa nyumba yake. Mtu mmoja, imani kubwa na alama iliyoharibika, ndani ya sura tatu.

Alafu kuna kundi la tatu dogo, alama ambazo hadithi haikuzieleza ila waumini wa baadaye wameziunganisha. Kamba nyekundu ya Rahabu, yule mwanamke wa Yeriko aliyewaficha wapelelezi wa Israeli, Yoshua 2. Kwenye hadithi ni alama ya kuitambua nyumba basi, wapelelezi wanasema funga kamba hii dirishani na watu wako wote wawe ndani. Lakini Klementi wa Roma, kiongozi wa kanisa la mwanzo, mwishoni mwa karne ya kwanza, aliandika kwamba ile kamba ilionyesha ukombozi kwa damu ya Bwana, na wahubiri wamelisema hilo mpaka leo. Ni tafakari nzuri, mimi mwenyewe naipenda, hasa ukiiweka karibu na Kutoka 12, nyumba yenye alama nyekundu na walioko ndani wanapona. Ila ukifundisha sema wazi "hii ni tafakari ya kanisa", usiseme "Yoshua anasema". Agano Jipya likimtaja Rahabu, Waebrania 11:31 na Yakobo 2:25, linazungumzia imani yake na jinsi alivyowapokea wapelelezi, kamba haitajwi kabisa.

HATUA YA TANO: kuleta nyumbani kwako, na hapa nitaongea kuhusu mafuta

Siwezi kuandika hii makala nikanyamaza kuhusu mafuta ya upako, maji ya upako, chumvi, vitambaa na stika, kwa sababu ndo maisha yetu huku. Mafuta ni alama ya kweli kwenye Biblia. Samweli alimpaka Daudi kwa pembe ya mafuta na Roho wa Bwana akamjilia kwa nguvu, 1 Samweli 16:13. Wanafunzi walipaka wagonjwa mafuta, Marko 6:13. Kwa hiyo anayesema mafuta ni ushirikina moja kwa moja naye hajasoma.

Pitisha tu hatua zilezile. Kwanza maelezo: Yakobo 5:14-15, mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana, na kule kuomba kwa imani kutamwokoa mgonjwa yule. Soma tena, kinachotajwa kuokoa ni kuomba kwa imani, na anayeinua ni Bwana. Mwendo: mgonjwa anaita wazee, wazee wanakuja kwake. Hakuna foleni, hakuna chupa ya kununua, hakuna kiwango. Kifuatilie: Kutoka 30 inatoa mchanganyiko wa mafuta matakatifu, manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane 250, kida 500, na mafuta ya zeituni, na papo hapo inakataza mtu kuchanganya mengine mfano wake au kuyatia juu ya mgeni. Yalilindwa yasiwe bidhaa. Na yule Simoni wa Samaria alipotaka kulipia uwezo wa kuwapa watu Roho, Petro alimwambia fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, Matendo 8:20.

Watu wananijibu kwa Matendo 19:12, leso na nguo za Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Ndiyo, imeandikwa. Mstari wa 11 unaita miujiza ya kupita kawaida, na anayeifanya ni Mungu kwa mikono ya Paulo. Endelea kusoma usikomee hapo, mistari inayofuata ni wana saba wa Skewa waliotaka kulitumia jina la Yesu kama dawa, wakatoka mle nyumbani wako uchi na wamejeruhiwa, na baada ya hapo waliokuwa wakifanya uganga Efeso wakachoma vitabu vyao vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Sura nzima inahusu watu kuacha kutegemea vitu.

Na hili sio jambo la kubishana tu kwenye grupu. Tarehe 1 Februari 2020 pale Moshi, uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye mkutano, wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyotajwa kuwa ya upako. Walikuwa watu wenye shida za kweli, wenye wagonjwa, wenye madeni, wenye kutafuta watoto, na walitaka Mungu awasaidie. Siwalaumu hata kidogo. Ninachosema ni kwamba wakati huo kwenye nyumba zao Biblia ilikuwepo, na Yakobo 5 ilikuwemo, ikisema baki kitandani, ita wazee, watakuja. Sisi walimu ndo tulipaswa kulisema hilo kwa sauti miaka mingi nyuma, kanisani, jumuiyani, sanday skul, kila mahali.

Kwa hiyo kama una chupa nyumbani na unajiuliza uifanyie nini, jiulize hivi: nikiipoteza leo, nitaogopa? Kama moyo unashtuka, basi imeshapanda kiti ambacho sio chake. Na wala usimdharau mama yako au shangazi anayeitunza, kaa naye, msomee Yakobo 5 taratibu, ombeni pamoja bila chupa, aone Mungu anasikia.

JINSI YA KUWEKA ALAMA YENYE HABARI NYUMBANI

Sio kwamba nyumba yako ikae bila ukumbusho, maana Samweli naye alisimamisha jiwe akaliita Ebenezeri, hata sasa Bwana ametusaidia, 1 Samweli 7:12. Ndo hilo jina unaloliona kwenye maduka, saluni na vioo vya daladala kila kona. Muulize mwenye duka lenye hilo jina akusimulie kwanini aliliita hivo, wengi wana ushuhuda mzito kweli na hawajawahi kuulizwa.

Kwenye ibada yetu tulikubaliana kila mmoja alete kitu kimoja chenye habari. Mama mmoja alileta kadi ya kliniki ya mwanae. Imechakaa, imekatika kwenye mkunjo na imeunganishwa kwa gundi ya karatasi, ukurasa wa kwanza uzito wa kuzaliwa umeandikwa kwa peni, kilo 1.2. Huyo mtoto sasa yuko sekondari na alikuwa amekaa pale pale karibu na mama yake, na alikuwa hajawahi kuisikia yote ile, siku za joto la kifuani, usiku wa kupima kama bado anapumua. Hakuna aliyeigusa kadi akaomba ipite mkono kwa mkono iponye watu. Ilirudishwa kwenye bahasha yake, habari ndo tuliondoka nayo.

Ukitaka kufanya hivo kwako, chagua kitu cha kawaida, kisicho na bei, kiweke kinapoonekana lakini sio juu ya mlango wala chini ya mto, na kubalianeni kwamba mtoto au mgeni akiuliza, aliyepo lazima asimulie mpaka mwisho, asijibu "ah ni kitu cha mama". Mkiona mmeacha kusimulia mkabaki kukiogopa au kukiapia, kitoeni.

Kwa watoto wa sanday skul usiwachoree tu, wape mawe ya kweli, makubwa kiasi cha kubeba begani kwa mwenye nguvu na mawili mawili kwa wadogo, wayabebe kutoka upande mmoja wa kiwanja mpaka mwingine, alafu mtoto mdogo kuliko wote ndo aulize swali la Yoshua 4:6 na wakubwa wamjibu. Haradali nayo ni rahisi, nunua mbegu kidogo sokoni kwenye maduka ya viungo, mpe kila mtoto moja kiganjani, atahangaika kuishika, alafu soma Mathayo 13:31-32 wakiwa bado wameishika.

Kama unaanza wiki hii peke yako au na kikundi, usianzie Ufunuo wala Zekaria, hivyo vinahitaji uwe umeshazoea vitabu vingine maana vinaazima alama kutoka kwao. Anza na Yoshua 3 na 4, jioni moja inatosha. Inayofuata Hesabu 21, 2 Wafalme 18 na Yohana 3 kwa pamoja, hii ipe jioni mbili, na hapo ndipo maswali ya mafuta na vitambaa yatajitokeza yenyewe bila wewe kuyaanzisha, kwa hiyo uwe umeshaisoma Yakobo 5 na Matendo 19 kabla. Kutoka 12 iweke karibu na siku mtakayoshiriki meza ya Bwana. Mwanzo 9 isomeni msimu wa masika.